Fundo la Mlango

Jumanne, kabla ya kula

Siwezi kutulia. Nimeishika kalamu hii mara tatu na kuiweka.

Leo nimepima kichochoro kati ya nyumba mbili za mawe alizotuachia papa, baba yetu. Nataka kukiezeka, niweke ngazi na vyumba juu, ili nyumba hizo zishikamane bila kubomolewa. Chini ni mawe ya volkano, huwezi kuchimba msingi; kuta za zamani ndizo zitabeba kila kitu. Kwenye karatasi ni kazi nzuri.

Lakini humo kichochoroni kuna kibanda cha turubai la shitingi cha Mama Riziki, aliyekimbia vita Rutshuru na watoto wake. Nilimwambia akae siku chache. Misimu miwili ya mvua imepita.

Nilienda peke yangu na kamba ya kupimia. Yeye akasogeza vyungu vyake, akashika ncha ya pili bila kuombwa, akaivuta mpaka ukutani.

"Papa, mulango utaweka ngambo gani?" akaniuliza. "Weka ku barabara. Huku moshi inarudia mu nyumba, batoto banakohoa."

Alidhani namjengea yeye.

Nilipaswa kumwambia papo hapo kwamba itabidi ahame. Nikasema, "Sawa, mama," nikafunga fundo kwenye kamba kuwa alama ya mlango, mahali alipoonyesha. Mutu mzima, nikafunga fundo.

Mafundi wanakuja kesho asubuhi. Kutoka dirishani namuona ameinama, anafagia mawe pale mlango wake utakapokuwa.