Kilometa Zilizozidi

Raya, uliyekuwa mke wangu,

Assalaam alaikum. Salamu hii hakuna anayeweza kuninyima, maana hata mpita njia hupewa. Mengine yote najua sina haki nayo tena. Nimesikia kwamba eda yako ilikwisha zamani, posa imekubaliwa, na baada ya Idi utahamia Wete. Mwanamke aliyekwisha kuposwa haandikiwi barua ya siri, haijuzu wala haipendezi. Ndiyo maana naiandika hii wazi, asomaye na asome, nawe ikikufikia ikufikie kama inavyomfikia mtu mwingine yeyote. Siombi jibu. Sikuombi urudi pia, kwa sababu najua hutarudi.

Nataka kukuandikia habari za skuta tu.

Unakumbuka ilivyoanza? Shangazi yangu Bi Mize, niliyemtuma kwenu Shumba kupeleka posa, alirudi akaingia karakanani kwangu, akaketi kwenye kiti ambacho gundi yake haijakauka, akaanza kucheka kabla ya kusema.

"Mahari nshatajiwa," akasema. "Hataki dhahabu, hataki kabati, hataki kitanda. Kitanda kasema fundi atamtengenezea tu, atake asitake. Ataka skuta."

Nikamuuliza skuta gani.

"Ya sura ya kizamani. Kasema weye utaijua."

Sikuijua. Mimi ni seremala, najua mninga na mvule, injini naiona mdudu. Ukanitumia picha na maelezo kwa simu ya kaka yako, marefu kuliko oda yoyote niliyowahi kupewa. Taa iwe ya duara. Mwili uwe wa bati, si wa plastiki. Kiti kiwe kimoja kirefu, rangi ya kahawia. Na katikati iwe wazi, yenye sakafu bapa ya kuwekea miguu yote miwili pamoja, "maana buibui langu silikunji kwa ajili ya chombo." Nilicheka peke yangu. Wanawake wangapi wamepanda pikipiki za watu wakiwa wamekaa upande upande, mkono mmoja wameshika buibui na mwingine wameshika roho, na hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni tatizo la chombo.

Baadaye, tulipokwisha kuoana, ndipo uliponieleza ombi hilo lilikotoka. Baba yako Mzee Faki alikuwa na skuta kuukuu ulipokuwa mdogo, ile ya kupiga kiki mara kumi na mbili ndipo iitike. Alikusimamisha mbele yake kwenye sakafu ile bapa, kidevu chako kikifika kwenye saa ya mwendo, mkazunguka naye mashamba ya mikarafuu. Aliiuza kabla hujafikia umri wa kuiendesha. "Nilitaka ile ile," uliniambia, "ila hii isinimwagie mafuta kwenye viatu."

Hii yako ilivuka bahari kutoka Unguja, nikaipakia Mkoani kwenye lori la mbao, nimeifunika blanketi kama mgonjwa. Nilikaa nayo siku mbili karakanani kabla ya ndoa, na nakiri niliipenda. Nilizima mashine ya msasa nikaitazama. Ilikuwa kijani hafifu, rangi ya upande wa ndani wa jani la mgomba. Mbele ina ngao pana ya kukinga miguu na matope, nyuma imevimba kushoto na kulia, na mahali pote hapana kona kali hata moja. Mimi siku nzima kazi yangu ni kuua kona, najua kupinda bati namna ile si mchezo. Vioo vyake viwili vya pembeni ni vya duara, vimesimama juu ya vijiti vya kromu. Ukiiona kwa mbali unasema imetoka enzi za babu zetu.

Lakini ukizungusha ufunguo unakuta kizazi kingine. Taa ile ya kizamani ndani yake ina vitaa vidogo vyeupe vya siku hizi. Haina gia wala klachi, ni kuzungusha mkono tu na kuondoka. Breki zake ukizibana ghafla kwenye mvua, gurudumu haliserereki. Kwenye ngao, upande wa ndani, kuna kijifuniko, ukikifungua unakuta kishubaka chenye tundu la kuchajia simu, na juu yake ndoano ya kutundikia mkoba. Chini ya kiti kuna sanduku la kuingia kofia ya kuendeshea. Na saa ya mwendo ina mshale kama za zamani, ila chini ya mshale kuna kidirisha cheusi kinachowaka tarakimu, kilometa zote tangu chombo kuzaliwa. Siku nilipokukabidhi zilikuwa tatu.

"Sura ya babu, moyo wa mjukuu," ulisema ukiipapasa. Kisha ukaniambia nipande nyuma. Mimi, bwana harusi wa siku mbili, nilipita Konde yote nimebebwa na mke wangu, na wanawake wa dukani walishika midomo. Sikuona haya. Nilikushika kiuno nikajiona mimi ndiye niliyeolewa, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Mwaka wa kwanza skuta ile ilikuwa kama mtu wa tatu nyumbani. Ulikuwa ukifundisha Makangale, na kutoka mlangoni kwetu mpaka shuleni, kupitia msitu wa Ngezi, ni kilometa nane. Madaftari ya wanafunzi yalikaa chini ya kiti, chaki nyuma ya kijifuniko, na kwenye ndoano mkoba na mara nyingine mkungu wa ndizi aliokupa mzazi wa mtoto. Ulirudi na vumbi la njia kwenye kope. Uliifuta skuta kwanza, ndipo ukajifuta wewe. Nilikutania kwamba ungekuwa na talaka mkononi ungenipa mimi, ukabaki na skuta. Hukucheka sana. Sasa naona mzaha ule niliutoa mdomoni mwangu mwenyewe, na Mungu akausikia.

Nitaeleza nilivyoharibu, kwa kuwa wengi wanasema umeondoka kwa kiburi cha kuwa na chombo chako. Si kweli, na nataka hilo lisomwe.

Siku moja mtu alikuja kupima mlango karakanani, akasema kwa kupitisha wakati, "Mkeo nimempita jana njia ya Kigomasha huko, ap'o mbele ya Makangale. Yu peke yake, na mwendo kama ana haraka ya kufika pahala." Alipima mlango wake akaenda zake. Mimi jioni ile, ulipokuwa ukioga, nikatoka uani, nikazungusha ufunguo, nikasoma kidirisha. Kesho yake nikasoma tena.

Kwenda na kurudi ni kumi na sita. Mimi ni mtu wa futi, Raya, futi haitoki mfukoni mwangu hata siku ya Idi. Kitu kikishakuwa na namba siwezi kukiacha. Zikawa kumi na sita, kumi na sita, kisha siku moja zikawa ishirini na moja.

"Leo zimezidi tano," nikakwambia mezani.

Ulidhani natania. "Zimezidi nini?"

"Kilometa."

Ukaweka kijiko chini. Ukanieleza kwamba baada ya shule hukugeuza, ulienda mbele kidogo kisha ukarudi. Nikauliza kwa nani. Ukasema si kwa mtu. Nikauliza kufanya nini.

"Nilikuwa naendesha tu."

Jibu lile lilinikera kuliko jina la mwanamume yeyote. Ungetaja jina ningejua nipigane na nani. Mtu mzima, mwalimu, anaendesha tu? Anakwenda mahali pasipo na mtu, hachukui kitu, hapeleki kitu, kisha anarudi? Nilisema akili yangu hainidanganyi. Kumbe mwenye wivu haulizi ili ajue, anauliza ili asikie alichokwisha kukiamini.

Nikawa nasoma kila jioni. Mwanzo ulieleza. Leo nimempeleka mwalimu mwenzangu kituo cha afya. Leo njia ilizibwa na mti. Baadaye ukaacha kueleza. Mwisho ukawa unaingia na kusema mwenyewe kabla sijauliza, "Elfu tano mia nane na kumi. Zimezidi mbili. Nikutilie maji ya kuoga?" Ulisema kwa upole, na mimi, mjinga wa mwisho, nikaona mambo yametulia. Kisha zikaanza kuwa kumi na sita kila siku, wala hazikupungua wala kuzidi, nikafurahi. Sikuona kwamba umeacha pia kuimba jikoni, na kwamba skuta ulikuwa huifuti tena.

Ulipokwenda kwenu Shumba na kusema hutaki ndoa, nilijua sina la kukushitaki. Barazani kwa Mzee Faki waliketi wazee, nawe ndani nyuma ya pazia. Sheria tunaijua wote. Mwanamke akitaka kujivua, humrudishia mume mahari yake. Baba yako aliniuliza taratibu, "Hamadi, mwanangu, watakaje? Ukitaka kusamehe, samehe."

Ningeweza kusamehe. Ningeweza kusema skuta ni yake na sitaki kitu. Lakini nilipiga hesabu yangu ya kijinga. Nilikumbuka unavyoipapasa ile ngao, nilikumbuka mtoto aliyesimama mbele ya baba yake. Nikasema mwanamke huyu ataacha mume, skuta hataiacha. Nikasema kwa sauti ili ikufikie nyuma ya pazia:

"Nataka mahari yangu. Kama ilivyo."

Nilirudi Konde natembea kama niliyeshinda kesi. Nilitandika hata kitanda.

Kesho yake asubuhi nilisikia mlio wake kabla hujakata kona. Nikaacha randa juu ya ubao, nikatoka nimejaa mabaki ya mbao kifuani, nacheka tayari. Ulikuwa umeiosha. Kromu ilikuwa inaumiza macho. Umeijaza mafuta pomoni. Nyuma yako alikuwa kaka yako juu ya baiskeli, anahema. Ulisimamisha, ukateremka bila kukunja buibui, ukazungusha ufunguo tena ili kidirisha kiwake.

"Elfu sita mia nne na kumi na moja," ukasema. "Soma mwenyewe, usije ukasema zimezidi."

Sikusoma. Uliniwekea ufunguo juu ya benchi, si mkononi. Kisha ukapanda nyuma ya baiskeli, upande upande, mkono mmoja umeshika buibui, mkakata kona. Hilo ndilo la mwisho nililoliona la mke wangu. Niliyatamka maneno ya kukuacha siku ile ile mbele ya mashahidi, kwa kuwa nilikwisha kupokea, na mwanamume akipokea hana pa kukimbilia.

Nilijaribu kuirudisha. Nilimtuma Bi Mize akuambie uichukue kama zawadi, sina haja nayo. Alirudi akaketi kiti kile kile, safari hii hakucheka. "Kasema mwambie fundi, mahari haitolewi mara mbili kwa ntu mmoja bila ndoa mbili. Na ndoa ya pili kasema hapana. Miye sendi tena, mwanangu, nimechoka."

Ikakaa karakanani chini ya shuka. Kila Ijumaa niliiwasha dakika chache betri isife, nikaizima. Sikuiendesha. Nilitaka tarakimu zibaki zile zile ulizoniachia, kana kwamba zikibaki, kuna kitu kimebaki.

Wiki iliyopita nimeitwa Makangale kupima madirisha. Pikipiki niliyozoea kuipanda haikuja. Nikaiondoa shuka.

Nilipita msituni asubuhi, kivuli baridi juu yangu, miguu yangu yote miwili imetulia kwenye ile sakafu bapa. Haitaki nguvu. Unazungusha mkono kidogo tu, na miti inarudi nyuma. Nilipima madirisha, nikanywa chai, nikawasha kurudi nyumbani. Na kwenye njia panda, Raya, sikugeuza. Sikuwa na mtu wa kumwona. Nilikwenda mbele, kwa sababu njia ilikuwepo na upepo ulikuwa unaingia ndani ya kanzu, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke kichwa changu kilinyamaza. Nikaenda mpaka njia ikaisha. Nikasimama, nikarudi polepole.

Uani kwangu nilisoma kidirisha kabla ya kuzima. Elfu sita mia nne thelathini na nne, yaani ishirini na tatu tangu zile ulizoniachia. Zimezidi saba.

Basi nimekuamini, mama. Nimechelewa kuliko mtu anayefika msikitini imamu ameshatoa salamu. Hakuna litakalobadilika. Wewe utakuwa mke wa mtu, namwomba Mungu mtu huyo asijue kusoma namba. Mimi nitabaki na chombo kizuri kilichochaguliwa na mwanamke aliyejua anachokitaka, na kila nitakapokipanda nitakwenda mbele ya Makangale nirudi. Nilikaa mezani jioni ile nikaweka sahani moja, nikasema kwa sauti, "Leo zimezidi saba." Nikangoja. Hapakuwa na wa kuniuliza nilikuwa wapi.

Nenda salama, nawe uniwie radhi kwa kila kilometa, niliyoihesabu na ambayo sikuiona.

Aliyekuwa mumeo,
Hamadi fundi, Konde