Laila Yumo Ndani na E Zetu Ni Mbili

Bi Masika mpendwa, nishike mkono haraka kabla harusi haijafika, maana mimi na Laila, mtoto wa ami yangu, tuna lugha yetu wenyewe, si kinyume cha watoto cha kugeuza silabi, ni lugha kamili tuliyoitunga tangu tuko skuli tukichambua karafuu ukumbini, ina salamu, ina matusi madogo, ina hata namna ya kusema kesho kwa furaha na kesho kwa woga, na sasa Laila anaolewa atachukuliwa Muskati, kwa hiyo nikaanza kuitungia maandishi ili tuandikiane, na hapo ndipo nilipogundua, wallahi nilirukaruka peke yangu jikoni, kwamba tuna E mbili! Moja ya mdomo mwembamba kama wa mtu anayetabasamu, nyengine ya mdomo wazi, na neno letu "nele" kwa E ya kwanza ni nimekukumbuka, kwa ya pili ni nimeshiba, basi nikakimbia kwao kumwambia, lakini alikuwa keshawekwa ndani kama bibi harusi, simu yake anayo shangazi, ikabidi nimsemeshe kwenye dirisha lililofungwa, nikatamka hii na ile, akanijibu, "Mie nasikia moja tu, mwenzangu, yatosha E moja." Nikapandwa na hamaki nikamwambia, "Weye ushaanza kuisahau na hata safari hujaianza!" Akalia, shangazi akanifukuza, na sasa nikigonga haitikii. Nikubali E moja ili turidhiane, au nisimamie ninachokisikia?

Ruweida, Mtambile

Ruweida mwanangu, nimesoma barua yako huku nikitamka "nele" mbele ya kioo, hadi mume wangu akauliza kama jino linaniuma. Hongera! E zako mbili nimezipata, na nimefurahi kama nimezitunga mimi. Lakini mbona mkali hivyo? Miaka yote Laila alikuwa akikutazama mdomo mkichambua karafuu. Leo kuna ubao wa dirisha kati yenu, hakuoni, ana hofu ya safari, na wewe unamgombeza kama mwalimu wa zamu. Na wewe je, nani kakupima sikio?

Fanya hivi. Mwombe shangazi radhi, umwambie unataka kusaidia kumsugua Laila singo, yale manukato ya mwili wa bibi harusi. Nani atakataa msaada wiki ya harusi? Mkishatulia, mpe mgongo, yeye atamke, wewe ubashiri. Ukipatia kila mara, E ya pili itieni nukta chini. Umesoma Kurani chuoni, unajua nukta inavyotenganisha herufi. Ukikosea, basi mlikuwa mkisaidiwa na macho, na kwenye simu mtapotezana. Hapo msilazimishe sikio, badilisheni neno moja, nimeshiba litafutiwe jina jengine kabisa. Na uamuzi autoe Laila. Lugha ya watu wawili, mmoja akinuna imekufa.

Nenda leo, kabla nyumba haijajaa wageni. Ukimkuta macho yamemvimba, usiseme neno la lugha yoyote. Mkumbatie kwanza.