Maji Siyamwagi, Mizani Siishiki

Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia unapumua vizuri, na kwamba mvua za mwisho zimepita kwenye mabati kisima kikapata chochote. Mimi mzima, tena nimenenepa, msinihurumie. Najua anayekusomea ni dada Zuhura, maana aliniandikia kwamba anakuja likizo kutoka kazini kwake, hospitali kule Ndanda. Dada, soma kwa sauti na usiruke mahali, hata kama mjomba amekaa hapo barazani. Hasa kama amekaa.

Ujumbe wa mjomba nimeupata. Anasema siku hizi biashara ni huria, yeye sasa ni wakala wa wanunuzi wa korosho, na anataka mtu wa nyumbani wa kusimamia mizani. Kwa hiyo niache "kulisha samaki wasioliwa", nirudi Newala kabla msimu haujaanza. Ameniita kama mtu anayeita mbuzi wake! Na wewe mama nasikia umeanza kumwitikia. Basi ngoja nikueleze kazi yenyewe.

Hoteli yetu ilipouzwa na serikali, tajiri mgeni aliyeinunua aliweka ukumbini tangi la kioo, refu kuliko kitanda chako, lenye maji ya bahari. Ndani mna samaki na matumbawe. Usidhani matumbawe ni mawe tu, mama. Ni viumbe, vinakula, vinafunguka na kujifunga, na vinakufa. Mimi nilitolewa kwenye kufua mashuka nikapewa tangi hilo, chini ya Bwana Deo, fundi kutoka Bukoba. Akaniambia, "Somoe, samaki wanajisaidia humo humo. Uchafu wao unayeyuka unakuwa rutuba, na rutuba ikizidi, mwani mbaya unafunika matumbawe yote. Kila wiki chota ndoo kadhaa umwage, utie maji mapya."

Umwage! Ananiambia mimi, niliyeshuka na wewe bondeni alfajiri na kupanda ule mlima na ndoo kichwani, nikijua maji ya kunawia yataoshea vyombo na ya vyombo yatakwenda kwenye miche. Kuchota nilichota, lakini sikumwaga. Niliyatuliza kwenye mapipa nyuma ya jiko, nikayachuja kwa kitambaa, yakawa maangavu kabisa, nikayarudisha tangini. Nilijiona mjanja kweli. Baada ya muda mwani ukaota kila mahali na matumbawe yakajifunga. Bwana Deo alipoyakuta mapipa alishika kichwa, kisha akacheka. "Wewe mama, rutuba haichujwi! Hebu chuja chai uone kama sukari inatoka." Alisema kweli, nami nikamkubalia. Kilichoniudhi ni kicheko chake. Kwao Bukoba mvua haijui kupumzika, atajua nini huyo kuhusu maji?

Wakati huo tajiri alikuwa safarini. Aliacha neno kwamba akirudi akute tangi chafu, litavunjwa, pawekwe meza za baa. Ningerudi kwenye mashuka, au kwenye mizani ya mjomba. Bwana Deo akatoa chupa ya dawa iliyotoka Ulaya, inayoua mwani upesi. Nikamuuliza, "Na rutuba itakwenda wapi?" Akasema, "Itabaki. Mwani ukirudi tutatia tena." Nikamwambia hapana, kama kuna njia nyingine aitaje. Ipo, akasema, ila ya polepole: tangi dogo pembeni, lenye mwani mzuri chini ya taa, maji yapitie humo, mwani huo uile rutuba na sisi tuuvune. "Lakini tajiri atafika kabla haujakolea."

"Basi afike," nikasema. Chupa nikairudisha kabatini mwenyewe, tukaanza lile tangi dogo.

Ikabaki kazi ya kutia chokaa. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa chokaa, lakini ukimimina maji ya chokaa kwa pupa unayaunguza. Hapo nikakukumbuka wewe, dada, na dripu zako za wodini. Nikamwambia Bwana Deo tutundike chupa, maji ya chokaa yashuke kwa mpira tone kwa tone. Siku hiyo hakucheka. Alikwenda duka la dawa kuutafuta mpira mwenyewe.

Tajiri alifika kweli, na mwani mbaya ulikuwa bado umeshika upande mzima. Akakunja uso, akasema na Bwana Deo kwa Kiingereza. "Anauliza kwa nini hatukutia dawa," Bwana Deo akanigeukia.

"Mwambie nimekataa mimi."

"Somoe..."

"Mwambie. Halafu mwonyeshe pale chini."

Pale chini tumbawe moja lilikuwa limefunguka, jekundu, vidole vyake vinacheza majini. Tajiri alipiga magoti sakafuni na suti yake akaliangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema tangi libaki mpaka msimu wa wageni uishe, ndipo aamue. Nilifurahi, lakini hajaamua. Kwa hiyo bado sijashinda, mama. Nikiondoka sasa, Bwana Deo atachoka kuvuna mwani, ataifungua ile chupa, namjua.

Nisalimie shangazi wa vitumbua, na yule mwalimu Mchaga jirani yetu, mwambie koti aliloniagiza nimelipata nitalituma. Mjomba naye mpe shikamoo yangu kwa heshima zote. Ila jibu la wito wake nakuachia wewe.

Unakumbuka siku aliyokuja kukuambia uhamie bondeni karibu na maji, uache kujitesa huku juu? Nilikuwa mdogo, nimeshika khanga yako. Ulimwambia, "Kaka, maji nitayafuata. Nyumba yangu ni hapa."

Mpe lile lile.

Mimi binti yako,
Somoe