Hapana ya Mbugani

Mke wangu Veronika,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba mvua za Itetemia hazijawaharibia mahindi. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo hauna raha.

Uliniandikia kwamba utapanda garimoshi la kwanza la wafanyakazi uje huku. Nilifurahi nikacheka peke yangu kama mwehu. Sasa nakuomba usipande. Usinune kwanza, maana nakujua, nisikilize.

Kazi yangu ni kugongomea vigingi vya chuma ardhini. Bwana mpimaji huvifunga nyaya, hupitisha umeme wa betri, kisha hutazama mshale kwenye kisanduku chake ajue kama chini kuna mwamba au tope. Kwenye mbuga moja, pale njia ya zamani ya wapagazi inapojipinda na kuzunguka mbali, mshale ulianguka, dalili ya tope. Kilikuwa kiangazi, juu pakavu kabisa, naye akaingiwa na shaka. Akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni:

"Mama, masika hapa hapazami?"

"Hapana, bwana."

Akamshukuru upesi, akaamua kwamba ni pagumu. Veronika, wewe unaelewa yule mama alisema nini! Nikamwambia, "Bwana, amesema panazama; kama hapazami angejibu ndiyo." Akacheka. "Nimesikia mwenyewe, Yakobo. Amesema hapana." Mnyapara akanifokea nirudi kwenye nyundo yangu.

Tuta limejengwa, reli zimelazwa, na sasa mvua zimeanza. Jana nilipita pale. Tuta limepasuka kwa urefu, na ukikanyaga kando yake ardhi inanesa kama godoro. Nimemwambia mnyapara tena, anasema garimoshi litapita polepole. Naogopa, mke wangu. Naogopa sana.

Posta ya kambini inangoja garimoshi hilohilo, kwa hiyo barua nampa mlina asali anayekuja huko kwenu Tabora kwa miguu. Yeye anaizunguka mbuga.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Kaka yako Kasiani, fundi cherehani wa Chemchem, msalimie, na umwambie akuzuie hata kama mizigo imeshapakiwa.

Nina hamu nawe mno, lakini usije.

Mumeo akupendaye,
Yakobo

Nilikuwa nimeshaikunja. Mnyapara amepita akitangaza kwamba garimoshi limewahishwa, litaondoka Tabora Ijumaa. Mlina asali alisema atafika Jumamosi. Nimempa viatu vyangu, nimemwomba akimbie.