Kisanduku cha Jina la Ukoo

Jumatatu, tarehe 3

Nimemaliza kuwahamisha watu wa shule na wa kliniki. Sasa tovuti zao zinachukua kila kitu kwenye maktaba yangu ya vipande vya tovuti: vitufe, kalenda, visanduku vya kuandikia. Nikibadilisha kipande kimoja, kinabadilika kote.

Timu ya chanjo bado. Musoke, kiongozi wao, kagoma. Anajitengenezea vyake. Na Madam Prossy, bosi wetu, kasema timu zote zisipoingia kabla ya mwisho wa mwezi, maktaba inafungwa na mkataba wangu basi. Nirudi kwetu Kakamega nikafanye nini? Musoke ananikera.

Jumanne, tarehe 4

Wazo zuri! Mzazi akisajili watoto, kisanduku cha jina la ukoo kinajijaza jina lake. Nimekifunga kabisa, wasikosee herufi. Nimejipongeza kwa rolex, chapati ya kukunja na mayai mawili.

Nimewatumia wote wakague. Musoke kaandika: "Nyabo," ndiyo bibie kwao, "ngoja kwanza, hii tuongee." Kila siku yeye ni ngoja, ngoja. Sikungoja. Nimeachia toleo jipya.

Alhamisi, tarehe 6

Mungu wangu.

Shule ya Ntinda inapiga simu tangu asubuhi. Kila faili lililofunguliwa limejihifadhi kwa jina la mzazi. Kwetu mtoto hubeba jina la baba. Huku kila mtoto hupewa lake, hata ndugu wa tumbo moja. Mvulana wa darasa la sita sasa ni Nalwanga kama mama yake, jina la kike. Wenzake wanamcheka. Miaka yote hii niko Kampala, sikuwahi kuuliza.

Kliniki ni mbaya zaidi. Mama Mkongo wa Old Kampala kaja na mwanawe kuchukua dawa ya kifafa. Jina la mtoto halionekani, limefutwa na la mama. Wakarudishwa mikono mitupu. Nimejifungia chooni nikalia.

Tovuti ya Musoke tu ndiyo salama. Nimemchukia kwa hilo.

Ijumaa, tarehe 7

Toleo la zamani limerudi, majina tumeyarejesha kutoka nakala ya akiba. Kliniki walimtafuta yule mama jana hiyo hiyo, mtoto kapata dawa. Namshukuru Mungu.

Kikao. Madam kawaachia viongozi wa timu waamue. Wa shule: ifungwe. Akasimama Musoke. Nikajua leo ananimaliza.

"Mimi naingia," kasema. "Nimechoka kutengeneza kalenda peke yangu. Lakini hakuna kitu inatoka kama mtu wa kila timu hajaiona. Na kisanduku ya jina natengeneza mimi."

Wa kliniki kamuunga mkono. Madam kasema sawa, maktaba ibaki, na mimi nibaki nayo. Aibu tupu.

Jumatatu, tarehe 10

Ofisi kimya. Musoke kanitumia kazi yake niikague. Kisanduku kimoja kirefu, na maneno juu yake: Majina yote, kama mwenyewe anavyojiita. Kakijaribu kwa watoto wake wanne. Hakuna wawili wenye jina moja la ukoo.

Nimesoma mstari kwa mstari. Sina la kuongeza. Nikaenda kwenye meza yake kumuuliza jina la kitinda mimba lilitoka wapi. Akavuta kiti, akaanza na babu yake. Chai yangu ikapoa. Niliporudi, nikaikubali kazi yake.