Ngozi Iliyogoma Kulainika

Shangazi,

Shikamoo. Ulizoea kuchelewa makusudi kuitikia mpaka nirudie. Basi narudia, shikamoo.

Hapa Nangwa ukungu umeshuka toka mlimani mpaka mlangoni kwako. Nakuona umo humo ndani, utatokea sasa hivi ukilalamika kwamba viatu vimelowa.

Neema, kitinda mimba wako, ameolewa. Uliapa hatatoka nyumbani bila sketi ya ngozi ya bibi harusi wa kwetu, na wa kuitengeneza nilibaki mimi. Nilikwangua ngozi kama ulivyonifundisha, nikaipaka siagi, nikaisugua mpaka vidole vikavimba. Ikakauka ngumu kama bati. Nikarudia, ikagoma. Nililia, Shangazi. Niliona kazi yako inafia mikononi mwangu.

Kwetu nyumba yenye msiba haiimbi, na msiba wako ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo nilifanya kazi kimya. Mchana mmoja usingizi ukanipitia nimeipakata ile ngozi, nikakusikia ukiimba wimbo wako wa kusugulia, ule wa ng'ombe waliopotea wakarudi mmoja mmoja. Nikaamka mikono inakwenda yenyewe. Kumbe ndiyo maana hukuwahi kuniambia nisugue mpaka lini! Kila ng'ombe akitajwa unahamia sehemu nyingine, na huachi mpaka wote waingie zizini. Mimi nilikuwa naacha nikichoka.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa kuomba ruhusa. Akasema, "Imba, binti yangu. Hiyo ni kazi, siyo sherehe."

Sauti yangu unaijua, ulisema inafukuza ndama. Niliimba hivyo hivyo, machozi yakidondokea siagi. Ng'ombe wa mwisho alipoingia, ngozi ilikunjika mkononi kama khanga kuukuu.

Siku ya harusi, matanga yameshaanuliwa, Neema alipopiga hatua nyuzi za ngozi zilizoning'inia kwenye pindo la sketi zikasuguana, shwaa, kama mvua ndogo kwenye mahindi. Mama mmoja akageuka kutazama mlangoni, kama vile ni wewe unaingia. Na mimi nikageuka.

Pumzika sasa, Shangazi. Neema anataka kujifunza, na nakuahidi hatagusa ngozi kabla hajawajua ng'ombe wote kwa majina.

Nyuma ya yule wa mwisho nimeongeza mmoja, nimempa jina lako. Ndiye anayechelewa. Sasa siiachi ngozi mpaka uingie.