Mwanga wa Maji Marefu

Moa, Mkinga

Kwa mdogo wangu Kijakazi, Maramba,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mbuzi wako, na kwamba goti limekubali dawa. Sisi huku tunapumua, Alhamdulillahi. Simu naona umeifanya pambo la kabati, ndiyo maana nahangaika na kalamu kwa mkono huu mzito.

Mwani umekufa. Shamba langu lote la maji mafupi, pale tunapofunga kamba kwenye vigingi bahari ikipwa, limekuwa jeupe kama mifupa. Na mwanangu Luqmani nilimwapia mbele yako: mwani ukifa tena msimu huu, nahamia kwake mjini, Mabawa, nikae chumba cha uani, nile na kulala.

Mjukuu wangu Sabra alikuja likizo kutoka chuoni, akasema jua ndilo linaloua. Nikamwambia asilisingizie jua. Mmea gani unakufa kwa kushiba mwanga? Hakubishana, ana adabu mtoto yule, si kama wa kwako. Akachukua chupa za maji, nyingine akazitia mwani, nyingine majani ya mchicha, akazizungushia karatasi za rangi zinazopitisha mwanga. Akasema nitazame mapovu: mmea ukila mwanga, hutoa pumzi.

Basi nikakaa barazani mpaka chai ikapoa. Kwenye karatasi nyekundu mchicha ulichangamka. Kwenye kijani ukanuna. Lakini mwani, Kijakazi, ndani ya kijani ulipumua taratibu, povu baada ya povu, kama mtoto anayeota. Wa kwenye chupa iliyoachwa wazi juani ulianza kwa mbwembwe, adhuhuri ukanyamaza. Sabra akasema mwanga ukizidi huunguza. Kwenye maji marefu jua hufika limepoa, limebaki kijani na buluu, na huo ndio mwanga ambao mwani unajua kuula.

Nilipowaambia wenzangu nataka kupanda maji marefu, walinicheka. Wakasema maji marefu ni ya wanaume, mwanamke hupanda anapoweza kusimama. Na kweli, baba hakutufunza kuogelea. Alisema mtoto wa kike ataogelea aende wapi.

Sasa nikwambie, na ukimwambia Luqmani sikusemeshi mpaka kiama. Nimejua kuogelea. Alfajiri, watu hawajatoka, naingia na dera langu, Sabra ananishika kidevu. Nilipiga kelele mwanzo, sifichi. Akaniambia, "Bibi, legeza shingo, bahari itakubeba." Ikanibeba.

Tumefunga kamba moja huko nje, kwenye maboya. Juzi nilizamisha kichwa nikafumbua macho. Chumvi iliniwasha, lakini niliona. Kule jua halichomi. Kila kitu kijani, kimya, mwanga unashuka polepole kama unga unaochekechwa, na mwani wangu unaning'inia, umekoza rangi, unacheza. Nikasahau miguu yangu ina miaka mingapi.

Kwa hiyo Mabawa siendi. Kiapo nimekivunja, nitafunga saumu kuwa kafara yake. Na usidhani ni kwa ajili ya mavuno. Hata kamba ile ikifa, siendi. Luqmani atakupigia akulilie. Pokea simu hiyo kwa mara moja maishani mwako, umwambie mama yake hajambo, chumba apangishe.

Wasalimie wote huko, hata mkweo mwenye mdomo. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Mwanasiti